Sura ya 4: Nguzo Husomwa kwa Eneo

Mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania una gredi tano. A ni kuanzia alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 0 hadi 29. Mzazi yeyote mwenye mtoto sekondari anaijua mipaka hiyo, hasa ule wa 30. Wachache hukaa wakahesabu kila gredi imebeba alama ngapi. A ina alama 26. B ina 10 tu. C ina 20, D ina 15, na F ina 30.

Sasa tufikirie mtihani ambao kila alama, tangu 0 hadi 100, imechukuliwa na mwanafunzi mmoja. Watahiniwa ni 101, wamesambaa sawasawa kabisa, hakuna mahali waliporundikana wala palipopwaya. Tuwahesabu kwa gredi na kuchora chati ya nguzo: F nguzo ya 30, D ya 15, C ya 20, B ya 10, A ya 26. Chati hiyo ukiibandika ubaoni, chumba cha walimu kitaanza kuieleza bila kuombwa. Shule ina matabaka mawili, mmoja atasema, wako vipanga na wako waliokata tamaa. Mwingine atauliza kwa nini B zimekuwa adimu, na huenda kikao kikaazimia mkakati wa kuwapandisha wa C. Wote wawili wameona kitu ambacho hakipo. Milima na mabonde ya chati ile yametoka kwenye mipaka ya gredi, na wanafunzi hawakuchangia hata moja.

Histogramu ni dawa ya shida kama hii. Jina lake alilileta Karl Pearson, mwanahisabati wa London, na liko katika makala yake ya mwaka 1895, wakati takwimu ilikuwa ndiyo kwanza inajipatia zana zake. Kwa macho ya haraka histogramu ni chati ya nguzo ambayo nguzo zake zimegusana. Tofauti yake ya kweli iko ndani zaidi: katika histogramu, idadi ya watu au vitu haikai kwenye urefu wa nguzo. Inakaa kwenye eneo lake. Nguzo pana yenye watu wengi inaweza kuwa fupi kuliko nguzo nyembamba yenye watu wachache, na mchoro ukawa sahihi kabisa.

Kwa maoni yangu hapa ndipo somo la histogramu huharibikia shuleni, na huharibika mapema. Karibu mazoezi yote ya mwanzo hutumia makundi yenye upana sawa: 0 hadi 9, 10 hadi 19, 20 hadi 29, na kuendelea. Upana ukiwa sawa, urefu na eneo husema jambo moja, kwa hiyo mwanafunzi anazoea kusoma urefu na anapata vema kila mara. Anatoka darasani akiamini kwamba histogramu ni chati ya nguzo iliyobanwa. Siku anapokutana na makundi yasiyolingana, iwe katika mtihani, gazeti au ripoti ya wizara, mazoea yake yanamwangusha, na hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akipata vema kwa bahati.

Tufanye hesabu moja hadi mwisho. Shule ina watahiniwa 100. Waliopata F ni 27, D ni 21, C ni 30, B ni 14 na A ni 8. Chukua idadi ya kila gredi, igawanye kwa alama zilizomo ndani ya gredi hiyo. F ni 27 kwa 30, yaani 0.9. D ni 21 kwa 15, yaani 1.4. C ni 30 kwa 20, yaani 1.5. B ni 14 kwa 10, yaani 1.4. A ni 8 kwa 26, yaani 0.3 na ushei. Namba hizi ni msongamano: wastani wa wanafunzi waliopo kwenye kila alama moja. Neno hili tayari tunalo, kwa sababu ndilo tunalolitumia tunapogawanya watu wa wilaya kwa kilomita zake za mraba. Urefu wa nguzo ya histogramu ni msongamano huo, upana wake ni alama zilizomo, na ukizidisha viwili hivyo unarudishiwa idadi yako. 1.5 mara 20 ni wale 30 wa C.

Tazama sura ilivyobadilika. Kwenye chati ya gredi, F ilikuwa ya pili kwa urefu, inakaribia C, na mwalimu mkuu angeanza hotuba yake hapo. Kwenye histogramu F imeshuka hadi nafasi ya nne, nguzo pana lakini fupi, kwa sababu wale 27 wametandazwa juu ya alama 30. B, iliyoonekana fupi kuliko D, imesimama sawa nayo. Kumbe kuanzia alama 30 hadi 74 wanafunzi wamejaa karibu kwa kiwango kilekile, kisha wanapungua ghafla kuanzia 75 kwenda juu. Kama shule hii ina swali la kujiuliza, swali liko kwenye mpaka wa 75: ni nini kinawazuia walio kwenye 70 kuvuka? Chati ya gredi isingeliuliza swali hilo hata kidogo.

Kwa kidato cha sita jambo hili linazidi, maana gredi S inashika alama 35 hadi 39 peke yake. Ni alama 5, zikiwa zimebanwa kati ya E yenye alama 10 na F yenye alama 35. Nguzo ya S ikiwa fupi katika chati ya matokeo, usiharakishe kuifafanua. Gawanya kwanza.

Mipaka yenyewe inahitaji uangalifu, ingawa si jambo la kurefusha. Alama hutolewa kwa namba nzima, na kati ya 44 na 45 kuna pengo ambalo histogramu haiwezi kuliacha wazi, kwa sababu mstari wake wa chini ni mfululizo. Ndiyo maana nguzo ya C huchorwa kuanzia 44.5 hadi 64.5. Mwanafunzi anayeona nusu hizo ni usumbufu wa mwalimu ajaribu kuhesabu upana wa C kwa kutoa 45 kwenye 64. Atapata 19, na mwanafunzi mmoja katika kila ishirini atakuwa amepotea njiani.

Kuna mchoro mmoja ambao watu wengi huuita histogramu nao si histogramu, na kuutaja hapa kunasaidia. Ni ule wa mvua: nguzo kumi na mbili, Januari hadi Desemba, kama unavyouona katika vitabu vya jiografia. Kwa Dar es Salaam nguzo hupanda kwa masika, Machi hadi Mei, zikashuka kiangazi, zikapanda tena kidogo kwa vuli. Ni mchoro mzuri na una kazi yake. Lakini urefu wa nguzo ya Aprili ni milimita za mvua, na Aprili yenyewe ni jina la mwezi. Hakuna kitu kilichohesabiwa na kuwekwa katika makundi. Ukitaka histogramu ya mvua ya Dar es Salaam, chukua siku zote za mwaka na uzipange kwa kiasi cha mvua kilichonyesha: siku za milimita 0 hadi 5, za 5 hadi 10, na kadhalika. Hapo masika na vuli vinatoweka. Unachopata ni nguzo moja ndefu mno mkono wa kushoto, kwa kuwa siku nyingi hazina mvua au zina manyunyu tu, kisha mkia mrefu unaonyooka kwenda kulia hadi kwenye siku zile chache ambazo eneo la Jangwani hufurika na barabara kufungwa. Mchoro wa kwanza unamfaa mkulima anayeuliza apande lini. Wa pili unamfaa mhandisi anayeuliza mfereji uwe na upana gani, na mhandisi huyo hutazama mkia, kwa kuwa wastani wa mvua ya siku haujawahi kubomoa daraja.

Mkia huo unaeleza pia kwa nini wastani na namba ya kati hutengana. Namba ya kati hukata eneo lote la histogramu katika nusu mbili zinazolingana. Wastani ni pale mchoro mzima ungelala sawa kama ungekatwa kwenye ubao na kuwekwa juu ya ncha ya kisu, na kipande kidogo kilicho mbali na ncha huwa na nguvu kubwa ya kuvuta. Mkia ukielekea kulia, wastani huvutwa kulia. Kwa hiyo ukionyeshwa histogramu bila namba yoyote, bado unaweza kusema kipi ni kikubwa kati ya viwili hivyo, na kwa kawaida hutakosea.

Sasa tuje kwenye uamuzi ambao vitabu vya shule humnyima mwanafunzi, wakati ndio uamuzi mkubwa kuliko yote: makundi yawe na upana gani. Swali la mtihani huja na jedwali lililokwisha kupangwa. Mwanafunzi huchora, hupaka rangi, hupata alama zake. Nani aliamua kwamba makundi yawe ya kumi kumi? Kwa nini yaanzie pale? Maswali haya hayaulizwi, na bila kuyauliza histogramu haiwezi kusomwa ila inatazamwa tu.

Makundi yakiwa mapana mno, kila kitu humezwa katika nguzo mbili tatu na hujifunzi lolote. Yakiwa membamba mno, unabaki na vijiti vilivyotawanyika, kila kimoja kikibeba mtu mmoja au wawili, na unaanza kuona maana katika bahati nasibu. Mwaka 1926 Mmarekani Herbert Sturges alitoa kanuni ya kuanzia: wanafunzi 64 wapewe makundi 7, 128 wapewe 8, 256 wapewe 9. Kila idadi inapoongezeka maradufu, kundi moja linazidi. Kanuni hiyo bado imo ndani ya programu nyingi za kompyuta, na ndiyo sababu kompyuta hukuchorea bila kukuuliza. Mimi huichukulia kama mahali pa kusimama kwa muda mfupi. Baada ya hapo chora tena kwa makundi membamba zaidi, kisha mapana zaidi. Umbo linalobaki katika michoro yote mitatu lina haki ya kuaminiwa. Linaloonekana katika mmoja tu lishukiwe.

Ufaransa ya karne ya 19 ilijifunza hili kwa njia ndefu. Mwaka 1863 Adolphe Bertillon, daktari na mwanatakwimu, alichunguza urefu wa vijana walioitwa jeshini katika wilaya ya Doubs, mashariki mwa nchi. Mgawanyo wao ulikuwa na vilele viwili badala ya kimoja. Bertillon alihitimisha kwamba Doubs ilikaliwa na watu wa asili mbili, wafupi na warefu, waliochanganyika bila kuyeyukiana, na kwa miongo kadhaa maelezo hayo yalikubalika na kurudiwa. Mwishoni mwa karne, Ridolfo Livi, daktari wa jeshi la Italia, aliyarudia mahesabu na kuonyesha kwamba vilele vile vilizaliwa na kubadilisha vipimo kati ya inchi na sentimita. Inchi moja ni zaidi kidogo ya sentimita mbili na nusu. Watu waliopimwa kwa sentimita nzima ukiwapanga katika makundi ya inchi, kundi moja litaangukiwa na sentimita mbili na jirani yake sentimita tatu. Lenye tatu linavimba kwa nusu nzima bila mtu yeyote kurefuka. Asili mbili za watu zilikuwa zimetengenezwa na rula, na nasikitika kila ninapofikiria ni mara ngapi jambo la namna hiyo limeandikwa kuhusu watu wa Afrika bila Livi wa kulikagua.

Kosa la kinyume chake lipo pia, la kundi pana kuficha kitu cha kweli, na mfano wake uko nyumbani. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na Kenya mwaka 2019 ilihesabu 47,564,296. Katika sensa za nchi zetu, umri ukipangwa kwa mwaka mmoja mmoja, haushuki kwa ulaini kama vifo na vizazi vinavyotaka. Nguzo za 30, 40, 50 na 60 husimama kama minara, za 25, 35 na 45 hufuatia, na jirani zao 29, 31, 39 na 41 huwa zimezama. Hakuna ugonjwa unaowachagua watu wa miaka 41. Karani wa sensa anauliza umri wa babu, kijana aliyepo nyumbani anakadiria, na makadirio ya binadamu hupenda sifuri na tano. Ndiyo maana makarani hupewa kalenda ya matukio: alikuwa ameshazaliwa wakati wa Uhuru? Azimio la Arusha lilimkuta anatembea? Wakati wa vita ya Kagera alikuwa darasa la ngapi? Maswali hayo humrudisha babu kwenye mwaka wake.

Wanademografia wana kipimo cha hali hii, fahirisi ya Whipple, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikokotoa. Chukua watu wote wenye umri wa miaka 23 hadi 62. Umri huo una miaka 40, na ndani yake miaka 8 tu, yaani 25, 30, 35 na kuendelea hadi 60, inaishia na sifuri au tano. Kama kila mtu amesema umri wake halisi, kundi hilo litakuwa karibu moja ya tano ya wote. Hesabu waliomo, zidisha kwa 5, gawanya kwa jumla, kisha zidisha kwa 100. Ukipata 100, watu hawajakimbilia namba yoyote. Ukipata 500, kila mtu bila kubakiza hata mmoja ametaja sifuri au tano.

Ripoti nyingi huchapisha umri kwa makundi ya miaka mitano: 35 hadi 39, 40 hadi 44. Minara inatoweka na mchoro unakuwa laini, lakini kosa halijaondoka lote. Mtu wa miaka 42 aliyesema 40 amebaki ndani ya kundi lake, hakuna hasara. Mtu wa miaka 38 aliyesema 40 amevuka mpaka na kuingia kundi lisilo lake. Ulaini wa mchoro haukuambii ni wangapi wamevuka. Piramidi ya umri, ile inayoonekana katika vitabu vya jiografia, ni histogramu mbili zilizolazwa ubavu na kugeuziana mgongo, wanaume huku na wanawake kule, na inapaswa kusomwa kwa shaka hiyohiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Poland ilitoa mchoro ambao ningependa kila mwalimu wa hisabati auone. Mtihani wao wa kumaliza sekondari, matura, ulikuwa na karatasi ya lugha ya Kipolandi yenye pointi 70, na kufaulu kulihitaji asilimia 30, yaani pointi 21. Histogramu ya nchi nzima, iliyochorwa kwa pointi moja moja, ilipanda na kushuka kwa mviringo mzuri isipokuwa mahali pamoja. Chini kidogo ya 21 watahiniwa walikuwa karibu hakuna, na kwenye 21 yenyewe nguzo ikaruka juu. Wasahihishaji, kila mmoja mezani kwake, walipokutana na insha ya pointi 19 au 20 walirudi nyuma kutafuta pointi iliyokosekana, na waliipata. Hakuna aliyekula njama. Huruma ya maelfu ya watu waliokuwa mbalimbali iliacha alama moja iliyo wazi kwenye karatasi. Kwa makundi ya pointi kumi, 20 hadi 29, wa 20 na wa 21 wangekaa nguzo moja, na tukio lote lingefifia mno kuonekana.

Linabaki tatizo moja la kiufundi ambalo mwanafunzi atakutana nalo mara tu atakapoacha mifano ya kitabuni. Jedwali la umri mara nyingi huishia na mstari wa "80 na zaidi", na jedwali la kipato huishia na "1,000,000 na zaidi". Kundi hilo halina mpaka wa juu, kwa hiyo halina upana, na kisicho na upana hakina eneo. Ziko njia mbili za uaminifu. Ya kwanza ni kuchagua mpaka, tuseme miaka 100, na kuuandika waziwazi chini ya mchoro ili msomaji ajue ni chaguo lako. Ya pili ni kutochora nguzo hiyo kabisa, na badala yake kuandika pembeni ni watu wangapi wamebaki nje ya mchoro. Kwa umri mimi huchagua ya kwanza, kwa sababu maisha ya binadamu yana kikomo tunachoweza kukikadiria. Kwa kipato huchagua ya pili.